Nyama Tuliyokwenda Nayo Mgahawani

Mimi si mtu wa kutoka. Nimeishi Guangzhou miaka kadhaa sasa, mji ambao watu huuza mashamba ili waufikie, na ukiniuliza ninachokijua kwa uhakika nitakwambia ni njia ya kutoka chumbani kwangu Sanyuanli kwenda ofisi ya mizigo ninakofanya kazi, na njia ya kurudi. Ya kurudi naijua zaidi.

Jamaa wa nyumbani wameshanipa cheo. Wananiita mwali, kama msichana aliyewekwa ndani, ingawa mwali wa kweli ana siku yake ya kutolewa nje. Nikialikwa mahali, kichwa huniuma. Kimeniuma harusini, kimeniuma kwenye futari, kiliniuma siku waliyotaka kunipeleka kuona mnara wenye taa za rangi, na kila mara kimepona pale tu niliposhika kitasa cha mlango wangu. Elimu yangu imeishia kidato cha nne, lakini kwenye udhuru nina shahada. Nayasema haya mapema ili ieleweke kwa nini mchana ule watu ninaowapenda walinicheka badala ya kunyanyuka.

Ilikuwa majira ya baridi, karibu na sikukuu yao ya mwaka mpya. Mji huu ukikaribia sikukuu hiyo hubadilika sura. Wafanyakazi wote wa mikoani hurudi makwao, na mitaa ambayo siku nyingine huwezi kupita bila kugongwa na mkokoteni wa mizigo inabaki mitupu, vibanda vimefungwa, karatasi nyekundu zimebandikwa milangoni. Mtu wa ndani kama mimi angepaswa kufurahi. Sikufurahi. Ukizoea kelele ya jirani, siku akinyamaza unaanza kumsikiliza.

Mdogo wangu wa kike alikuwa amekuja na mumewe kutoka Dar es Salaam. Mumewe ni Mzanzibari, anauza vyombo vya jikoni, na dada mwenyewe anauza mapazia. Alisema hamwachii mwanamume yeyote kazi ya kuchagua kitambaa, hata awe mumewe, hata awe na macho mazuri kiasi gani. Na hakuja na mume tu. Alikuja na mimba ambayo familia nzima ilikuwa ikiingoja kwa miaka. Mbili zilizotangulia hazikufika. Hii ilikuwa imefika mbali kuliko zote, na kila mmoja wetu alikuwa akimtazama dada yule kama mtu aliyebeba beseni la maji lililojaa mpaka ukingoni. Ukimwona anainama kuvaa kiatu, unashika pumzi. Mama yetu alikuwa akipiga simu kila asubuhi na swali lake lilikuwa moja tu: anacheza? Akiambiwa anacheza, anakata simu hata salamu nyingine hataki.

Walikuwa waondoke wiki hiyo hiyo, kabla shirika la ndege halijaanza kumkatalia kwa ukubwa wa tumbo. Ndipo jirani yangu wa ghorofa ya juu, Mkenya wa Nairobi anayenunua vifaa vya simu, akaleta wazo lake.

Mkenya huyu ana ugonjwa mmoja tu, nao ni nyama choma. Anaweza kukueleza juu ya mbavu za mbuzi mpaka ukasikia haya. Alikuwa amegundua mgahawa wa Kikorea, kwenye kichochoro kinachotokea barabara ya Huanshi Zhonglu, ambako wanakuwekea makaa katikati ya meza na wewe mwenyewe unachoma nyama yako. Si hoteli ya kifahari, alisema, ni mahali pa kawaida, meza za mbao na leso za karatasi. Tumpeleke dada akale kabla hajaondoka.

Shemeji akasema nyama ya pale hailiki. Hajui nani kachinja, na wavu ule ule umechomewa kitimoto asubuhi. Mkenya hakubishana. Akasema yeye ameshaliwaza hilo: tunakwenda na nyama yetu wenyewe, kutoka bucha ya Waislamu wa Xiaobei, yule mzee wa kofia nyeupe tunayenunua kwake siku zote. Ameshaongea na mama mwenye mgahawa. Kwa kuwa wateja ni wachache siku hizi na wafanyakazi wake wameondoka, amekubali. Atatupa wavu mpya, hatutalipia nyama, tutalipia makaa, wali na vile vibakuli vyao vya mboga. Sharti lake ni moja. Tukae chumba cha nyuma na tufunge mlango, wateja wengine wasije wakaona watu wameingia na nyama mfukoni wakataka na wao.

Mimi nikasema kichwa kinaniuma.

Wote watatu walicheka, na dada akanishika mkono. Akaniambia, tukiwa tunashuka ngazi za treni ya chini ya ardhi, kwamba ana ombi moja tu kwangu. "Kaka, leo husemi twende. Mpaka mimi niseme." Nikamwahidi. Ni ahadi niliyoitoa kirahisi, kama mtu anavyotoa ahadi kwa mtu mjamzito.

Mvua ilikuwa ikinyesha ile ya huku ya baridi, isiyo na sauti. Jengo lenyewe lilikuwa la zamani na lifti ilikuwa imezimwa, tukapanda ngazi polepole, shemeji nyuma ya mkewe mikono ameitanguliza mbele kama mtu anayefukuza kuku. Mgahawani hapakuwa na mtu. Viti vimepinduliwa juu ya meza. Tangi la samaki limekaushwa, limebaki na changarawe na bomba dogo linalopuliza hewa tupu. Mama mwenye mgahawa alitoka jikoni akifuta mikono kwenye aproni, mwanamke mnene mwenye uso wa kuchoka, na pembeni yake msichana mmoja tu wa kazi aliyekuwa tayari ameweka sanduku lake la safari karibu na kaunta. Niliona taa za ukumbini zimewashwa nusu. Nilitaka kusema jambo, nikaikumbuka ahadi.

Chumba cha nyuma kilikuwa kidogo. Mlango wake ulikuwa ule wa kusukuma pembeni, unaoteleza kwenye reli. Dirisha lilikuwepo zamani, ungeweza kuona umbo lake ukutani, lakini walikuwa wamelibandika picha kubwa ya mlima wenye theluji. Katikati ya meza kuna shimo la duara, na juu ya shimo, kutoka darini, linaning'inia bomba la bati la kuvuta moshi, ambalo unaweza kulivuta likashuka mpaka karibu na nyama au kulisukuma likapanda.

Ulipokuja ule mkaa, nilisahau hofu zangu kwa muda. Mama yule aliubeba kwenye chungu cha chuma kwa kulabu ndefu, umeiva, mwekundu mpaka ndani, akauteremsha shimoni kama fundi anayeweka kito kwenye pete. Hauna moshi hata kidogo. Mkenya akauita mkaa wa wasomi. Mama yule akaweka wavu mpya juu yake, akatuonyesha kwamba ni mpya kweli, akavuta bomba likashuka, akatoka na kuusukuma mlango mpaka ukajifunga. Alipotoka, baridi ya ukumbini ilitoka naye. Tukavua makoti.

Ni dada aliyeinua macho kwanza. Mdomo wa bomba ulikuwa karibu na uso wake, na kwa ndani ulikuwa na ukingo wa mafuta meusi yaliyoganda, na chini ya ukingo huo tone moja limening'inia.

"Hili bomba," alisema, "limevuta mafuta ya nguruwe wangapi?"

Shemeji aliweka koleo chini. Tulikuwa tumetembea na nyama halali kutoka Xiaobei, tumekataa wavu, tumekataa sahani zao za nyama, tumekuja hata na koleo na mkasi wetu, na sasa tone lile lilikuwa juu kabisa ya nyama, linangoja joto. Mkenya akasema tulisukume tu lipande. Likapanda, lakini tone lilipanda nalo. Shemeji akasema kupanda hakusaidii, kitu kikitoka juu zaidi kinaanguka chini vile vile.

Mfanyabiashara wa Guangzhou hatembei bila soltepu. Shemeji alitoa rola yake kwenye begi, akauchukua mfuko mmoja safi wa bucha uliokuwa umezidi, akapanda kiti. Aliuvisha mdomo wa bomba kama unavyomvisha mtoto kofia, akauzungushia soltepu, akaivuta ikalia. Mimi, kama mtu wa mizigo, nilikagua nikamwambia amefunga vizuri kuliko katoni zake zote nilizowahi kuzipokea. Alishuka kwenye kiti akiwa amefurahi. Mkewe naye alifurahi, akasema sasa roho yake imetulia, na anachokula yeye ndicho anachokula mtoto. Hewa ya bomba ilikuwa ikivuta, mfuko ukajaa, ukanywea, ukajikaza mdomoni, ukatulia pale.

Tukaanza kula, na sitadanganya, nilifurahi. Vibakuli vilijaa meza: kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, figili za manjano, na dagaa waliokaangwa kwa sukari. Dada aliwatazama dagaa wale kwa huruma, akasema nani kawakosea hivi. Vijiti vya kulia ni vya chuma, vyembamba, vinateleza, na mimi baada ya kuangusha nyama mara kadhaa nilirudi kwenye vidole vyangu nilivyozaliwa navyo. Nyama haikatwi kwa kisu, inakatwa kwa mkasi hapo hapo juu ya moto, na shemeji akiushika mkasi alionekana kama fundi anayekata suti. Unafunga kipande kwenye jani la saladi, unatia wali kidogo, unakipeleka chote mdomoni mara moja. Mkenya alifumba macho kabisa.

"Buda," aliniambia, "si ungekuwa umelala huko kwako saa hii ukila tambi za maji moto?"

Nikamwambia tambi zangu hazijawahi kunilalamikia.

Makaa yakaanza kupungua nguvu. Tukabonyeza kengele iliyo mezani, akaja yule msichana wa kazi na chungu kipya. Alikuwa tayari amevaa koti la safari. Aliteremsha makaa, akainua kichwa, akauona mfuko. Akasimama. Akasema maneno ya haraka, akaonyesha juu kwa kidole, akayarudia. Kichina chetu sote pale ni cha sokoni: tunajua bei, tunajua ghali mno, tunajua bosi, na tunajua kukataa. Shemeji akatumia alichonacho. Akamtikisia mkono na kumwambia bu yao, bu yao, hatutaki, kama unavyomwambia mtu anayekusukumia mikanda barabarani. Alidhani anataka kuutoa mfuko ili bomba lake lifanye kazi, na kweli ndicho alichotaka. Msichana alitutazama mmoja mmoja. Mwishowe akamtazama dada, tumbo lake, akasema neno moja zaidi kwa sauti ya chini. Kisha huko nje mama yule akamwita, akatoka, mlango ukateleza ukafunga.

Nilisikia magurudumu ya sanduku lake yakipita ukumbini kuelekea kwenye ngazi.

Tulikaa. Mazungumzo yalikuwa mazuri, kisha yakawa marefu. Mkenya alitueleza habari ya mteja wake wa Eldoret aliyeagiza chaja akapelekewa feni, tukacheka sana, na baada ya muda akatueleza tena, kuanzia mwanzo, kana kwamba hatujawahi kuisikia, na kilichonishangaza ni kwamba tulicheka tena pale pale. Shemeji alikuwa akijaribu kuokota leso ya karatasi mezani na vidole vyake vikawa vinapita pembeni yake. Alivitazama vidole, akatabasamu. Joto lilikuwa zuri. Baada ya wiki nzima ya baridi ya vyumba visivyo na kipasha joto, joto lile lilikuwa kama blanketi la mtu mwingine unayemwibia usingizini.

Ndipo kichwa kikaanza kuniuma.

Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu yote ya kualikwa, kiliniuma kweli. Kilianza nyuma ya macho, kikazunguka mpaka kisogoni, kikawa kinapiga kama mtu anayegonga katoni kwa ngumi ajue kama imejaa. Nilikaa kimya. Nilikuwa nimeahidi. Zaidi ya hapo nilijiona mjinga. Nilijiambia ndivyo ilivyo, mtu ukidanganya sana kuhusu kichwa, mwisho kichwa kinaanza kuamini. Nikanywa chai yao ya shayiri. Chai ikataka kurudi.

Dada alikuwa ameegemea ukuta, shavu lake limegusa picha ya mlima. Alisema amechoka kidogo, ni mzigo tu. Mkono wake ulikuwa juu ya tumbo, kama kawaida yake. Nikamuuliza, kwa utani, mwenyewe wa ndani anasemaje. Alifikiri kwa muda mrefu kuliko swali lilivyostahili. Akasema amelala, alicheza sana asubuhi, sasa naye kashiba amelala.

Sijui kwa nini niligeuka kutazama moto. Labda nilikuwa nakwepa uso wake. Ule mkaa mpya, uliokuja ukiwa haujaiva sawasawa, ulikuwa umetoa miali midogo juu yake, ya rangi ya buluu, mifupi, inayotambaa na kupotea na kutokea tena, mizuri sana. Niliitazama kama mtu anayetazama televisheni. Kuna kitu nilikuwa nakifahamu juu ya rangi ile na kilikuwa hakitaki kuja. Kilikuja polepole, kikivuta miguu. Nikaona kibaraza chetu cha Dar, mvua, na mama ameinama akipepea, na sisi tukilia baridi, tunamwomba aingize jiko ndani, na yeye akisema mpaka buluu iishe, na hata ikiisha mlango hafungi. Kila mtoto wa nyumbani kwetu anajua habari za familia iliyolala na jiko. Zimo katika kila mtaa. Watu hukutwa asubuhi wamelala vizuri, wamejifunika, rangi imewapendeza.

Na mimi hapa nilikuwa nimekaa mbele ya jiko la mkaa, katika chumba kisicho na dirisha, mlango umefungwa, na njia pekee ya moshi tumeivisha mfuko. Kwa kuwa lilikuwa ndani ya meza, na meza ina kengele, hakuna kati yetu aliyeliona kuwa ni jiko.

"Twendeni nyumbani," nilisema.

Wakacheka. Mkenya alicheka mpaka akaweka paji la uso mezani, akasema, "Mwali amefika mwisho, wacha zako buda, kaa chini." Shemeji akaniambia nimevumilia kuliko alivyotarajia. Nikasema kichwa kinaniuma, na hapo ndipo walipocheka zaidi, kwa sababu hiyo ndiyo sentensi waliyokuwa wakiingoja tangu asubuhi. Nikasema ni jiko, hili ni jiko. Nilisikia ulimi wangu mzito. Nadhani nilichokuwa nakisema vizuri kichwani kilikuwa kinatoka kama uji.

Dada hakucheka. Yeye ndiye angecheka kuliko wote. Nilimwangalia na mkono wake ulikuwa umeteleza kutoka tumboni, umelala kwenye kiti, kiganja juu, vidole vimefunguka.

Nilisimama na magoti hayakunipokea. Nilifika mlangoni kwa kushika ukuta. Nikausukuma. Haukufunguka. Nikausukuma kwa bega, kwa nguvu zote za mtu anayebeba katoni kwa riziki, nao ulikuwa unanesa tu na kunirudisha, na nikawaza kwa utulivu kabisa kwamba wametufungia. Sijui nilisukuma kwa muda gani mlango ambao unatakiwa kuvutwa pembeni. Kilichoufungua mwishowe si mkono wangu. Niliteleza nikaanguka, na nilipokuwa naanguka nilijishika kwenye kitasa, uzito wangu ukauburuta mlango kando, na baridi ya ukumbini ikaniingia usoni kama maji.

Mama mwenye mgahawa alikuwa kaunta. Aliniona sakafuni, akaingia chumbani, akaona bomba. Sauti aliyoitoa ilikuwa ndogo. Aliurarua mfuko kwa kucha, akaichukua ile kulabu akauinua mkaa akatoka nao mbio, kisha akarudi, akamshika dada chini ya makwapa. Shemeji, ambaye sikuona aliposinzia, alikuwa ameamka sasa, amesimama, anamwita mkewe kwa jina lake la nyumbani, anajaribu kumwinua na mikono haishiki. Tulimtoa kwa kumburuta, mama yule na Mkenya na mimi nikitambaa nyuma nimeshika viatu vyake. Mpaka leo sijui nilikuwa nimeshika viatu vya nini.

Tulimshusha mpaka barabarani. Mvua ile ikamnyeshea usoni. Alifungua macho, akatapika, akafumba tena.

Hospitali walimwekea barakoa ya hewa safi na sisi wengine pia wakatuvisha, tukakaa kwenye benchi moja tumefungwa midomo kama watoto waliopigana. Mama mwenye mgahawa alikuwa amekuja nasi kwenye gari la wagonjwa. Alikuwa bado na aproni, miguuni ana ndara, na hakukaa chini. Shemeji alikuwa akijitazama mikono. Aliniambia, kupitia ile barakoa, kwamba msichana yule alimwambia. Alimwonyesha kwa kidole, naye akamwambia bu yao. Nikamwambia sote tulikuwepo. Lakini sikuwa na sauti ya kutosha kumfikia pale alipokuwa ameshafika.

Daktari alikuwa mwanamke kijana. Aliongea na simu yake, simu ikasema kwa Kiingereza cha mashine, na Mkenya akatugeuzia kwa Kiswahili, polepole, akichagua maneno, yeye ambaye hachagui maneno kamwe. Mama atapona. Damu yake inajisafisha na sumu ya mkaa. Mtoto anaisafisha polepole zaidi kuliko mama, kwa hiyo lazima mama aendelee kuvuta hewa ile hata akijisikia mzima. Moyo wa mtoto unapiga. Shemeji akauliza kama basi ni mzima. Simu ikasikiliza, ikajibu. Moyo unapiga, ikarudia. Kuhusu mengine, haiwezekani kusema sasa. Itajulikana akizaliwa, au baada ya hapo.

Asubuhi mama yetu alipiga simu. Simu ya dada ilikuwa mfukoni mwangu. Dada aliitazama ikiita, akanitikisia kichwa nisipokee, kisha akanyoosha mkono akaitaka. Tulisikia lile swali moja likitoka kwenye simu. Dada alisema, "Hajacheza tangu jana, mama," na kwa mara ya kwanza mama hakukata simu.

Alicheza mchana. Kidogo, alisema dada, kama mtu anayegeuka kitandani. Alikuwa akilia na kutuambia tunyamaze, nasi hatukuwa tunasema kitu.

Ndege waliiacha iende. Daktari alisema asisafiri, kwa hiyo mimi, mtu wa peke yangu, sasa nina wageni ndani, na mapazia mapya ambayo hakuna anayeruhusiwa kuyafunga, kwa sababu madirisha yote yako wazi baridi hii yote. Mkenya huja jioni na kukaa na koti. Hachoki kuniomba nimsimulie tena jinsi nilivyojua, nami namwambia sikujua, nilikumbuka kwa kuchelewa. Shemeji hazungumzi sana. Nimemwona akisimama usiku juu ya godoro la mkewe, akiinama, akisikiliza.

Juzi nilimsindikiza dada kliniki, kwa sababu shemeji alikuwa amekwenda bandarini. Korido ilikuwa imejaa wanawake wenye matumbo, kila mmoja na namba yake mkononi, na mimi nimekaa katikati yao kama begi lililosahauliwa. Waliniruhusu kuingia, nikageukia ukuta. Daktari akampaka ile dawa ya maji maji, akaweka kile kidude tumboni, na chumba kikajaa ule mlio wa moyo wa mtoto, wa haraka, wa mbali, kama mtu anayekimbia na viatu kwenye njia ya maji. Dada akauliza kama unakwenda sawa. Daktari akasema sawa. Akauliza kama sawa maana yake ni mzima. Daktari hakujibu hilo, akachukua karatasi ya kumfutia, akataka kuzima.

Nikasikia mlio hauzimi, nikageuka. Dada alikuwa amemshika daktari kifundo cha mkono, mkono ule wenye kidude, anaukandamiza pale pale tumboni. Hakuwa anamwumiza. Daktari alitazama mlango, ule msururu wote wa nje, kisha akavuta kiti kwa mguu wake, akakaa, akauacha mlio uendelee.